Mji Uhame au Ujengwe Upya? Mafunzo ya Historia kutoka Kibuga, Sofala na Msimbazi

Utangulizi

Mvua kubwa inaponyesha Kampala, sisi tulio juu ya mlima wa Makerere huisikia kwenye mabati tu. Wanaoiona ni wenzetu walio chini, Bwaise na Kalerwe, ambako maji hupanda kutoka mfereji wa Nsooba na kinamasi cha Lubigi hadi yakaingia vyumbani. Asubuhi yake viti vya darasa letu huwa na mapengo. Wanafunzi waliopanga huko bondeni huja saa nne, suruali zimekunjwa hadi magotini, na wengine hawaji kabisa. Muhula mmoja mwanafunzi alituletea insha iliyokaushwa juu ya sigiri, kurasa zimejikunja na wino umetawanyika. Tuliisoma hivyo hivyo.

Siku hiyo mjadala ulizuka katika chumba cha walimu. Mmoja wetu alisema, "Si wahame tu? Msiba wa kujitakia hauna kilio." Mwingine akamjibu, "Wahamie wapi, Mwalimu, na wale nini huko?" Chai ilipoa kabla hatujakubaliana. Katika makala haya tutajaribu kuendeleza mjadala huo kwa msaada wa historia. Swali lenyewe ni kongwe: maafa ya maji yakiupiga mji, je, watu waujenge upya pale pale au waondoke? Tutaanzia hapa Buganda, tushuke pwani hadi Sofala na Beira, tupitie Dar es Salaam, kisha turejee Bwaise.

Kwanza tutazame neno lenyewe

Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, tuanze na kitenzi. Kiswahili kina kuhama, kuhamia, kuhamisha na kuhamishwa. Anayehama ameamua mwenyewe, ndiye mtenda. Anayehamia ana mahali anapokwenda. Anayehamishwa ametendwa na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo hatajwi katika sentensi. Gazeti likiandika kwamba "wakazi wa mabondeni watahamishwa", msomaji hana budi kuuliza: na nani, kwenda wapi, kwa gharama ya nani? Viambishi hivi vidogo vimebeba sehemu kubwa ya historia tunayoisimulia.

Waganda nao wana maneno yao. Kusenga ni kwenda kukaa chini ya chifu fulani, na kusenguka ni kumwacha na kwenda kwa mwingine. Mkulima wa zamani aliyeonewa na chifu wake aliweza kufunga virago. Kuondoka kwake kulikuwa silaha, maana chifu asiye na watu hakuwa chifu.

Kibuga kilichokuwa kikihama

Makao makuu ya Buganda, yaani kibuga, yalikuwa mji unaohama. Kabaka mpya alichagua mlima wake, na hata Kabaka yule yule aliweza kuhama zaidi ya mara moja. Mwaka 1862 Speke alimkuta Mutesa wa Kwanza huko Banda. Stanley alipofika mwaka 1875, makao yalikuwa Rubaga. Mutesa alifariki mwaka 1884 katika ikulu yake ya Kasubi, ambayo ikawa kaburi lake, na mwanawe Mwanga akajenga Mengo. Hiyo ni milima minne katika muda usiozidi miaka thelathini.

Iliwezekanaje? Sababu ni tatu. Kwanza, nyumba zilikuwa za matete na nyasi, na vifaa hivyo vilipatikana popote. Pili, ardhi haikuwa na hati mkononi mwa mtu binafsi, kwa hiyo hapakuwa na wa kulipwa fidia. Tatu, na hii ndiyo kubwa, mji wote ulihama pamoja: Kabaka, machifu, mafundi, askari na wafanyabiashara. Hakuna aliyepelekwa mbali na riziki yake, kwani riziki yenyewe ilikuwa ikulu, nayo ilikuwa mbele ya msafara.

Aidha, tukumbuke kwamba kibuga kilihama kutoka mlima hadi mlima. Mabonde ya katikati yaliachiwa maji na mafunjo. Watu walivuka humo kwa madaraja ya magogo na matete, wakachota maji na kukata mafunjo, lakini hawakuweka ikulu humo.

Mambo yalibadilika baada ya Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Ardhi ilipimwa na kugawiwa kwa maili, na hati zikaandikwa. Makanisa ya matofali yakasimama Namirembe na Rubaga, na mji wa Kampala ukakua kuizunguka ngome ambayo Lugard alikuwa ameijenga mwishoni mwa mwaka 1890. Tangu hapo mji haukuweza tena kujikunja kama mkeka. Milima ikawa ghali. Waliofika baadaye kutafuta kazi walikuta bonde tu likiwa na nafasi, na bonde likawapokea kwa kodi ndogo. Bwaise ni mtoto wa historia hiyo. Vyumba vya kupanga vya huko huitwa mizigo, neno ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hucheka anapolisikia mara ya kwanza. Baada ya mvua moja kubwa huwa hacheki tena, kwa sababu kwa kweli kila kitu chumbani kimekuwa cha kubeba.

Sofala iliyoliwa na bahari

Sasa tushuke pwani. Wengi wetu tunapofundisha historia ya Waswahili huishia Kilwa. Lakini biashara ya Kilwa ilikwenda kusini zaidi, hadi Sofala, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Huko ndiko dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe ilikofikia bahari. Masultani wa Kilwa walitajirika kwa kuidhibiti bandari hiyo, na Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alisikia habari za Sofala na dhahabu yake. Mwaka 1505 Wareno chini ya Pêro de Anaia walijenga ngome huko wakidhani wameushika mlango wa dhahabu.

Mlango huo haukudumu. Njia za dhahabu ziligeukia mto Zambezi, na mchanga ukahamahama mbele ya bandari hadi vyombo vikubwa vikashindwa kuingia kwa usalama. Bahari nayo ikaendelea kuila pwani kidogo kidogo. Ngome ya Wareno iliishia kumezwa na maji, na sehemu ya mawe yake ilibebwa hadi mji mpya wa Beira, upande wa kaskazini, ikatumika kujengea kanisa kuu.

Basi, je, Sofala ilihama kwa sababu ya maji? Jibu letu ni kwamba maji yalimalizia tu. Kilichoanza kuondoka ni biashara. Dhahabu ilipopita njia nyingine, hapakuwa na sababu ya kupigana na bahari. Miji ya pwani imevumilia mengi pale ambapo jahazi lilikuwa bado linatia nanga.

Beira iliyokataa kuondoka

Beira iliyopokea mawe ya Sofala ilianza kama kituo cha kijeshi cha Wareno mwaka 1887, pembezoni mwa kijito cha Chiveve, karibu na mahali ambapo mito ya Pungwe na Buzi inaingia baharini. Mhandisi anayetafuta mahali pakavu asingepachagua. Ardhi ni kinamasi, na baadhi ya mitaa iko chini ya kimo cha maji ya bahari yanapojaa. Lakini bandari ilikuwapo, na mwaka 1898 reli ikaiunganisha na Umtali, mji unaoitwa leo Mutare nchini Zimbabwe. Nchi za bara zisizo na bahari zilipata njia, na mji ukakua hadi kupita watu nusu milioni.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira. Paa ziliruka, umeme na simu vikakatika, barabara kuu ikakatwa na maji, na mito ya Pungwe na Buzi ikafurika hadi nchi ikawa kama ziwa. Zaidi ya watu 600 walikufa nchini Msumbiji, na ukijumlisha Zimbabwe na Malawi idadi ilipita 1,000. Hapo ndipo swali letu lilipoulizwa kwa sauti duniani: mji ulio chini ya bahari, katika zama ambapo bahari yenyewe inapanda, una haja gani ya kujengwa tena?

Meya wa wakati huo, Daviz Simango, aliyefariki mwaka 2021, alisimamia jibu la kujenga upya. Mji wake ulikuwa umeshaanza kujifunza kabla ya Idai: kijito cha Chiveve kilichokuwa kimezibwa na taka na mchanga kilikuwa kimechimbuliwa, milango ya kuzuia maji ya bahari ikawekwa, na mifereji ikapanuliwa. Baada ya kimbunga, kazi hiyo ilipewa uzito zaidi. Mji wenyewe ulibaki palepale, kwa kuwa bandari na reli vilibaki palepale.

Waliohamishwa ni watu wa hali ya chini. Familia nyingi za maeneo yaliyozama zilipewa makazi mapya bara, yakiwemo ya Mutua katika wilaya ya Dondo. Huko ni pakavu, na usalama huo si kitu cha kudharau. Lakini aliyezoea kuishi kwa samaki hawezi kuvua kwenye nchi kavu, na aliyekuwa akibeba mizigo bandarini hana bandari ya kubebea. Mji umejengwa upya, watu wake wamehamishwa. Hivyo swali la "uhame au ujengwe" limepata majibu mawili, moja kwa matajiri na jingine kwa maskini.

Msimbazi: bonde lenye majina mawili makubwa

Tupande kaskazini hadi Dar es Salaam, mji ambao Sultani Majid wa Zanzibar aliuanzisha katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya mji na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Msomaji asiyeujua mto huu bila shaka anazijua timu zake: Simba ni Wekundu wa Msimbazi, na Yanga ni Wana Jangwani. Bonde moja limewapa majina watani wa jadi wa soka la Tanzania, na hapana shaka hayo hayahamishiki.

Wapangaji wa mji walilijua tatizo la bonde hili mapema. Mpango mkuu wa mwaka 1949 uliacha maeneo ya wazi kwa ajili ya upepo, na yale yale yalisaidia kutenga makazi ya Wazungu, Wahindi na Waafrika. Mpango wa mwaka 1979 uliliona bonde la Msimbazi kuwa eneo la hatari lisilofaa makazi. Lakini sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 mjini, na ile ya mwaka 2012 ikahesabu zaidi ya milioni 4.3. Watu hao walihitaji mahali pa kulala ambapo wangeweza kutembea kwa miguu hadi Kariakoo alfajiri. Jangwani, Mchikichini, Kigogo na Suna zilikuwa jibu walilojipatia wenyewe.

Mwezi Desemba 2011, wakati taifa lilikuwa limetoka kusherehekea miaka 50 ya uhuru, mvua ilinyesha kwa siku kadhaa kwa kiasi ambacho mamlaka ya hali ya hewa ilisema hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1954. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Rais Jakaya Kikwete aliwatembelea waathirika na kuwataka waondoke bondeni. Serikali ilitoa viwanja Mabwepande, kaskazini mwa mji, umbali unaokaribia kilomita 30, na mwanzoni mwa mwaka 2012 familia zikapelekwa huko kuishi kwenye mahema wakati wakisubiri kujenga.

Wapo waliobaki Mabwepande wakajenga, na leo wana nyumba pakavu. Hao tusiwasahau, maana wanatuonyesha kwamba kuhama kunaweza kufaulu. Lakini wengi walirudi Jangwani, na wengine waliuza viwanja vyao. Mama anayeuza chapati Kariakoo alitakiwa kutumia sehemu kubwa ya faida yake kwa nauli, na kuondoka nyumbani usiku na kurudi usiku. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ni sehemu ya chini kabisa ya chombo, pale maji yanapojikusanya. Methali hii ya mabaharia inawaeleza watu wa Jangwani kuliko ripoti nyingi.

Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016 yalikuja mabuldoza. Nyumba zilichorwa alama ya X kwa rangi nyekundu na nyingi zikabomolewa, kabla ya baadhi ya wakazi kwenda mahakamani. Mwaka huo huo wa 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi, na karakana yake ilikuwa imejengwa wapi? Jangwani, katika bonde lile lile. Mvua zilizofuata ziliizamisha karakana na kufunga barabara ya Morogoro mara kwa mara. Tunalitaja jambo hili bila nia ya kucheka, kwa sababu lina funzo: serikali nayo ilivutwa bondeni na kitu kile kile kilichomvuta muuza chapati. Pako karibu na katikati ya mji.

Hatimaye fikra ilibadilika. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi, unaohusu kuuachia mto nafasi yake, kujenga daraja refu zaidi Jangwani, kuweka bustani ya umma pale maji yanapopita, na kuwalipa wakazi wanaoondoka. Kutoka hema la Mabwepande hadi meza ya fidia ilichukua zaidi ya miaka kumi.

Turudi Bwaise

Hapa kwetu mambo yanafanana mno. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba serikali inashikilia maziwa, mito na vinamasi kwa niaba ya wananchi wote. Hata hivyo, barabara ya mzunguko ya kaskazini iliyofunguliwa mwaka 2009 imepita ndani ya Lubigi, na sisi wenyewe huipita tukienda mjini bila kufikiri. Katikati ya mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba nyingi zilizojengwa katika kinamasi hicho. Kisheria ilikuwa na hoja. Lakini mtu aliyemwaga malori mia ya kifusi kwenye mafunjo na mtu aliyepanga chumba kimoja juu ya kifusi hicho si mkosaji mmoja, ingawa buldoza haliwatofautishi.

Kutokana na historia tuliyoipitia, tunaona mambo matatu.

Kwanza, mji hufuata riziki yake. Kibuga kilihama kwa sababu ikulu ilihama, Sofala ilififia kwa sababu dhahabu ilihama, na Beira imebaki kwa sababu bandari imebaki. Anayetaka watu wa Bwaise waondoke aonyeshe kwanza soko la Kalerwe litahamia wapi. Asipokuwa na jibu, basi atafute makazi ya ghorofa yaliyo karibu, pa kufika kwa miguu, wala asitafute shamba la bei rahisi lililo mbali. Usiache mbachao kwa msala upitao, na hao watu wanalijua hilo kuliko sisi.

Pili, maji yana haki yake. Hatuwezi kusema kwamba kila nyumba ibaki ilipo. Ukanda ulio kandokando ya mfereji lazima urudishiwe maji, maana hakuna mfereji utakaotosha ikiwa kila mvua inayoteremka milimani inakutana na ukuta. Kuwaacha watu palepale kwa jina la huruma, huku mtoto akilala kitandani kilichoinuliwa kwa matofali, ni ukatili wa aina yake.

Tatu, fidia imfikie anayelala pale. Wengi wa wakazi wa Bwaise ni wapangaji. Malipo yakiishia kwa mwenye kiwanja, mpangaji atachukua mizigo yake na kushuka kwenye kinamasi kinachofuata, na baada ya miaka kumi wajukuu zetu wa kitaaluma wataandika makala kama haya kuhusu bonde jingine.

Hitimisho

Kwa yule mwenzetu aliyesema kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio, jibu letu ni kuwa tumeutafuta mtu aliyejitakia bonde katika historia hii na hatukumpata. Tumewapata watu waliokwenda mahali ambapo mji uliwabakizia nafasi. Kwa yule aliyeuliza "Wahamie wapi?", tunasema swali lake ni zuri, lakini lisiwe mwisho wa mazungumzo, kwani mvua haitasubiri.

Tunawakaribisha wasomaji, hasa wanafunzi wetu wanaoishi mabondeni, walete hoja zao kwa toleo lijalo. Tungependa pia watuletee maneno yanayotumika mtaani kwao, kwa Kiswahili na kwa lugha zao za nyumbani, kueleza maji yanavyopanda, yanavyoingia na yanavyoondoka. Tunazo istilahi za mafuriko katika kamusi. Za watu walioyaona hatunazo za kutosha.